Nati Mbili za Masikio

Manispaa hunilipa nipime makalio ya watu.
Cheka kwanza, nitasubiri.
Ninalo jedwali: nyonga za mwendesha baiskeli,
nyonga za mjamzito, za bibi aliyevaa makoti mawili
kwa kuwa Julai ya Montevideo haina huruma
na upepo wa Mto Plata haubishi hodi.

Benchi likinyooka kama rula
wawili wasiojuana hukaa ncha na ncha,
katikati wakaweka mkoba uwe askari.
Likipinda ndani, upana wa kidole gumba kwa kila mita,
magoti huelekeana kabla ya macho,
na magoti hayajui kuona haya.
Pinda zaidi, watainuka waende zao.
Hakuna apendaye kusukumwa kwenye undugu.

Bwana Iturralde wa ofisi ya viwanja
alitaka chuma katikati ya kila benchi.
"Watu wanalala," alisema,
kama mtu asemaye wanaiba.
Nina kodi ya nyumba, nina mtoto wa meno mabovu.
Sikubisha.
Nikakilaza chuma, kikawa kimeza:
tundu la chupa ya maji moto, kishimo cha kibuyu.
Kinywaji chetu huitwa mate, na jina linajieleza:
mrija mmoja, midomo mingi.
Iturralde akafurahi, nami nikafurahi,
tukapeana mikono kama wezi wawili,
kila mmoja akidhani aliyeibiwa ni mwenziwe.

Na kilifanya kazi! Uwanja wa Goes, Jumanne,
kijana mwenye sanduku la tuba alichomeka chupa yake tunduni.
Nélida, muuza tiketi za bahati nasibu,
akaitazama, akatazama kando, akaitazama tena.
"Yamebaki ya moto?"
Hadi saa sita walikuwa wakimsengenya daktari wa meno
ambaye, kumbe, wote wawili aliwang'oa jino lisilouma.
Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Usiku wa Alhamisi nikapita pale.
Mtu alikuwa amelala chini, kwenye mawe,
ubavuni mwa benchi langu, magoti kidevuni.
Nilidhani nimetengeneza ua la kupamba;
nilikuwa nimejenga ua wa kuzuia.
Nikalifungua jedwali kichwani, safu kwa safu:
aliyekaa, aliyekaa, aliyekaa.
Hakuna hata safu moja ya aliyelala.

Karakana. Nikakata palipochomelewa,
nikaweka nati mbili za masikio,
aina inayofunguka hata kwa vidole vilivyokufa ganzi.
Kwenye faili sikuandika.
Mtu yeyote sikumwambia.

Agosti, kabla hakujapambazuka,
kimeza kilikuwa kimeegemezwa mguuni mwa benchi,
gazeti limekunjwa chini yake kisikwaruzike.
Yeye alikuwa juu, amenyooka kwa urefu wake wote.
Nikakaa kwenye ngazi za duka la dawa, mikono kwapani,
nikijiuliza nani alimwonyesha.
Labda hakuna. Labda asiye na kitanda
husoma samani kuliko sisi tunaozichora.
Saa kumi na mbili akaamka, akakirudisha, akakaza nati
taratibu, kama afungaye mlango wa chumba cha mtoto.
Akahamia mwishoni, akachana nywele kwa vidole.
Nélida akaja na tiketi zake, akaketi upande wa pili,
akachomeka chupa.
Sikusikia walichosema. Niliona kibuyu kikivuka.

Ripoti ya ukaguzi, benchi namba kumi na nne:
Mbao, nzima. Rangi, imechubuka kidogo.
Nati ya kushoto hulegea usiku.
Haihitaji matengenezo.